Mali Bila Daftari: Hotuba kwa Warudio Nyumbani Kutoka Kazi za Mbali



Hotuba hii ni ya wale waliokwenda kufanya kazi katika nchi za mbali na sasa wamerudi, au wamo njiani kurudi. Ni ya jamaa zao pia, maana mara nyingi mwenye kudai si yule aliyefanya kazi, bali ni mjane wake au mwanawe. Yatakayosemwa ni mambo mawili tu. La kwanza ni namna ya kuipata haki ambayo mtu ameiacha nyuma yake huko alikotoka. La pili ni namna ya kupata kazi nyingine hapa nyumbani. Mambo hayo mawili yana mzizi mmoja, nao ni karatasi. Wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema hayo kwa ajili ya wafanya biashara, lakini mfanyakazi naye ni mfanya biashara: bidhaa yake ni nguvu zake na siku zake.

SAFARI HII SI MPYA

Watu wa nchi hii, ambayo zamani iliitwa Wilaya ya Nyanza Kusini na leo imo katika kaunti zaidi ya moja, hawakuanza jana kwenda mbali kutafuta riziki. Katika Vita Kuu ya 1914 hata 1918, maelfu ya vijana wa Nyanza walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi. Jeshi lao liliitwa Carrier Corps, na jina hilo limebaki mpaka leo katika midomo ya watu kuwa Kariokor na Kariakoo. Wengi hawakurudi. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao, na sababu moja kubwa ilikuwa kwamba majina yao yaliandikwa vibaya au nusu nusu, hata haikujulikana fulani ni mwana wa nani, wala ametoka kijiji gani. Deni lilikuwapo, lakini mwenyewe hakuonekana.

Vilipokuja vita vya 1939 hata 1945, Wakenya zaidi ya 90,000 walivaa sare. Wako waliofika Habeshi, wako waliofika Madagaska, na wako waliopigana katika misitu ya Burma. Askari alipoachwa jeshini alipewa cheti cha utumishi wake na kiinua mgongo. Kiinua mgongo hicho kilipimwa kwa cheo, kwa muda wa utumishi, na pia kwa rangi ya mtu, hata Mwafrika akapata sehemu ndogo ya kile alichopewa Mzungu wa cheo kile kile. Huo ulikuwa udhalimu, na haufai kufichwa. Hata hivyo, katika udhalimu huo jambo moja lilionekana wazi: dereva au karani au fundi aliyekuwa na cheti cha jeshi kilichoitaja kazi yake aliweza kukionyesha kwa mwajiri, lakini yule aliyekuwa na masimulizi ya vita peke yake alisikilizwa, akasifiwa, akaambiwa aende zake.

Safari ya tatu ilikuwa ya ghafula zaidi. Mnamo Oktoba 1970, Serikali ya Uganda, wakati wa Rais Milton Obote, iliwaondoa wafanyakazi wa kigeni wasio na ujuzi maalumu. Wakenya kama 30,000 walirudi, na wengi wao walikuwa Wajaluo. Mtu aondokaye kwa haraka namna hiyo huchukua godoro, sufuria na watoto. Karatasi huzikumbuka akiisha kuvuka mpaka.

Haikupita miaka mingi, Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoanzishwa kwa mkataba wa 1967 ikavunjika mwaka 1977. Watu wa reli, wa bandari, wa posta na wa ndege, waliokuwa watumishi wa nchi tatu pamoja, wakajikuta hawajui ni serikali ipi iliyobakia na deni lao. Neno hilo lilijibiwa tarehe 14 Mei 1984 mjini Arusha, nchi hizo tatu zilipotia sahihi mapatano ya kugawana mali na madeni ya Jumuiya. Kila nchi ilikubali kuwalipa raia wake pensheni na haki zao nyingine kutokana na utumishi huo. Tangu kuvunjika hata mapatano ni miaka saba. Katika miaka saba mtu huzeeka, huhama, hufa, nyumba huungua, na mchwa hula sanduku. Yule aliyetunza barua yake ya kuajiriwa na namba yake ya utumishi alikuwa na cha kuweka mezani siku ile madai yalipofunguliwa.

Siku hizi vijana wa Rongo, Awendo, Ndhiwa, Mbita na Kehancha huenda Uganda na Tanzania kama baba zao, na wengi zaidi hupanda ndege kwenda Saudia, Qatar na Falme za Kiarabu. Safari zimebadilika. Hatari ya kurudi bila ushahidi haikubadilika.

JINA NA NAMBA

Katika nchi hii majina yana uzuri wake na shida yake. Mjaluo aliyezaliwa usiku ni Otieno, aliyezaliwa mvua ikinyesha ni Okoth, na aliyezaliwa jua la mchana likiwaka ni Ochieng. Kwa Wakuria akina Chacha, Mwita na Marwa hawana hesabu. Nyumbani jambo hili si taabu, kwa sababu kila mtu anajua Otieno huyu ni wa mlango gani. Lakini karani aliyeketi Kampala au Dar es Salaam hajui milango ya watu. Yeye ana orodha ndefu ya akina Otieno, na kila mmoja wao anaweza kusema, Ndiye mimi.

Kwa hiyo mfanyakazi imempasa kuandikisha jina lake kazini kama lilivyoandikwa katika kitambulisho chake, herufi kwa herufi. Mtu aitwaye Onyango katika kitambulisho, kisha akaandikwa Joni kazini kwa kuwa msimamizi alipenda kumwita hivyo, amejifanya watu wawili. Na siku ya kulipwa ataambiwa athibitishe kwamba watu hao wawili ni mmoja. Ikiwa kosa limekwisha kufanyika, dawa yake ni kiapo mbele ya wakili au hakimu, kinachoeleza kwamba majina yote mawili ni ya mtu yule yule. Ni afadhali kuapa mtu angali hai kuliko kuwaachia watoto kazi hiyo.

Zaidi ya jina iko namba. Mfuko wa akiba humjua mwanachama kwa namba yake. Namba hiyo iandikwe mahali pawili au patatu: katika daftari nyumbani, katika simu, na kwa mtu mmoja wa kuaminiwa. Karatasi nne zisimtoke mtu mkononi: mkataba wa kazi, hati za mishahara, barua ya kuacha au kuachishwa kazi, na cheti kinachosema alifanya kazi gani, tangu lini hata lini. Zipigwe picha zote, na picha zitumwe nyumbani kabla ya safari ya kurudi. Mzigo hupotea uwanjani, lakini picha iliyokwisha kufika haipotei pamoja nao.

AKIBA ILIYOBAKI UGANDA NA TANZANIA

Chukua mfano wa mwashi mmoja wa Nyatike aliyeajiriwa na kampuni ya ujenzi Kampala kwa miaka kumi na miwili. Mshahara wake ulikuwa shilingi 600,000 za Uganda kwa mwezi. Kwa sheria ya huko, mfanyakazi hukatwa asilimia 5 ya mshahara, na mwajiri huongeza asilimia 10 kutoka mfukoni mwake, zote zikapelekwa kwa shirika la NSSF la Uganda. Mwashi huyo alikatwa shilingi 30,000, na kampuni ikaongeza 60,000, jumla 90,000 kila mwezi. Kwa miezi 144 hizo ni shilingi 12,960,000, kabla ya kuhesabu faida. Si fedha ya kusamehewa.

Mwashi huyo akirudi Nyatike bila kusema neno, fedha hiyo haitamfuata. Itakaa pale ikingoja. Sheria ya Uganda ina milango kadhaa ya kuipata. Mwenye umri wa miaka 55 hulipwa kwa ajili ya uzee. Mwenye miaka 50 ambaye amekaa mwaka mzima bila kazi ya kuajiriwa anaweza kulipwa. Mgonjwa au aliyevunjika viungo hata hawezi kazi tena ana mlango wake. Wafiwa wana mlango wao. Na yuko anayeondoka Uganda moja kwa moja asirudi kufanya kazi huko. Naye ana malipo yake, ikiwa amechanga kwa muda uliowekwa na sheria. Mlango huu wa mwisho ndio umfaao mwashi wa Nyatike, ambaye ana miaka 48 tu. Lakini ataulizwa ushahidi kwamba ameacha kazi na ameondoka. Barua ya kuacha kazi na hati ya kusafiria yenye muhuri wa mpaka ndiyo majibu. Avukaye kwa njia za panya, hata kama hana kosa jingine lolote, amejinyima ushahidi huo.

Jambo jingine ni hili. Wako waajiri wanaokata mishahara ya watu, lakini hawaipeleki fedha inakotakiwa. Mfanyakazi asingoje siku ya kuondoka ndipo atambue. Aombe taarifa ya akiba yake mara kwa mara, aisome mwezi kwa mwezi, na akiona pengo aulize wakati angali kazini na wenzake wakiwa mashahidi. Hati ya mshahara inayoonyesha makato ni silaha yake. Pasipo hati hiyo, neno lake hushindana na neno la tajiri, na mara nyingi la tajiri huwa zito zaidi.

Kwa upande wa Tanzania, ambako watu wa Migori hufika kwa kuvuka Isebania na Sirari, shirika la akiba pia linaitwa NSSF. Liliundwa kwa sheria ya 1997, na kabla yake ulikuwapo mfuko wa akiba ulioanzishwa 1964. Jina ni moja na la Kenya na la Uganda, lakini mifuko ni mitatu mbalimbali, na namba ya mmoja haifahamiki kwa mwingine. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kazi Julai 2010, inampa mfanyakazi wa nchi mwanachama haki ya hifadhi ya jamii sawasawa na wafanyakazi wa nchi alimo. Basi mwajiri akimwambia mtu wa Kuria kwamba mgeni haandikishwi, mtu huyo asikubali upesi. Aende ofisi ya kazi ya mahali pale akaulize.

HAKI YA WALIOTOKA UARABUNI

Huko Uarabuni hali ni nyingine. Pensheni za nchi zile kwa kawaida ni za wenyeji. Mgeni hupewa kiinua mgongo anapomaliza kazi, nacho hutegemea nchi, aina ya kazi, na muda aliotumikia.

Katika Falme za Kiarabu, sheria ya kazi ya 2021 inasema kwamba mfanyakazi wa kampuni aliyemaliza mwaka mmoja au zaidi hupata mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, na wa siku 30 kwa kila mwaka unaozidi hapo. Fedha hiyo yapasa kulipwa katika siku 14 baada ya mkataba kwisha. Mlinzi wa Dubai ambaye mshahara wake wa msingi ni dirham 1,500 hupata dirham 50 kwa siku. Siku 21 ni dirham 1,050. Akimaliza miaka mitatu, haki yake ni dirham 3,150, mbali na likizo asiyoitumia. Angalia neno hilo, mshahara wa msingi. Posho ya nyumba na ya usafiri haimo katika hesabu.

Katika Qatar, mtumishi wa nyumbani, kwa sheria ya 2017, hupata mshahara usiopungua wiki tatu kwa kila mwaka wa utumishi. Katika Saudia, mtumishi wa nyumbani aliyetimiza miaka minne mfululizo kwa mwajiri mmoja hupata mshahara wa mwezi mmoja. Basi chukua mfano wa binti wa Ndhiwa aliyetumika Riyadh miaka mitatu na miezi kumi na mmoja, kisha akapanda ndege kwa kuwa amechoka na anatamani kwao. Hakuna wa kumlaumu. Lakini kama angalijua hesabu ya sheria, huenda angalisubiri mwezi mmoja ule, akarudi na mshahara wa ziada ambao ungalimwezesha kununua mabati ya nyumba ya mama yake. Kutojua kumemgharimu zaidi kuliko nauli.

Madai haya yana muda wake. Kwa kawaida ni mwaka mmoja au miwili tangu siku ya kuacha kazi. Ukipita, baraza la kazi la huko hulikataa dai hata kama ni la haki. Njia iliyo bora ni kudai kabla ya kuondoka. Mtu asitie sahihi karatasi ya kusema amelipwa yote ikiwa hajalipwa, wala asitie sahihi lugha asiyoisoma. Aliyekwisha kurudi anaweza kumpa mtu mwingine hati ya uwakilishi amdaie kule, na anaweza kupeleka habari zake kwa wizara inayowaangalia Wakenya walio nje, au kwa maafisa wa kazi walio katika balozi za Saudia, Qatar na Falme za Kiarabu. Lakini maafisa hao nao watauliza swali lile lile: mkataba uko wapi?

AKIBA ILIYO HAPA NYUMBANI

Wengi waliokwenda mbali waliwahi kufanya kazi Kenya kwanza, katika mashamba ya chai ya Kericho, katika bandari ya Mombasa, au katika kiwanda cha sukari pale Awendo. NSSF ya Kenya ilianza mwaka 1965. Mtu aliyekatwa hata kidogo miaka ya nyuma bado ana akiba yake humo. Hulipwa afikapo miaka 60, au tangu miaka 50 ikiwa ameacha kazi ya kuajiriwa, na wako pia wanaolipwa kwa sababu ya ulemavu. Tena aliye ng'ambo anaweza kuendelea kuchanga kwa hiari yake, na aliyerudi akafungua duka au kuendesha bodaboda anaweza kuchanga kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

Iko pia mamlaka iliyowekwa kwa sheria ya 2011 kutunza mali isiyodaiwa, ijulikanayo kwa herufi UFAA. Fedha zilizosahauliwa katika benki, malipo ya bima, hisa, na mishahara ambayo wenyewe hawakuichukua hupelekwa huko baada ya muda. Mwenyewe au mrithi wake anaweza kuuliza kwa jina na kwa namba ya kitambulisho, na kuuliza ni bure. Wajukuu wa wapagazi wa Kariokor hawakuwa na mlango kama huo wa kubisha. Ni vema mlango uliopo utumiwe.

Kwa wafiwa, mambo hayafanani na ya aliye hai. Mjane huhitaji cheti cha kifo, barua ya chifu inayowataja warithi, kitambulisho cha marehemu na chake mwenyewe, na namba ya marehemu. Kifo kilichotokea nchi za nje kiandikwe huko huko, na cheti chake kiletwe pamoja na maiti. Mara nyingi jamaa hushughulika na jeneza na matanga, karatasi zikabaki mikononi mwa mtu asiyejulikana. Tena ugomvi wa ndugu juu ya nani ni mrithi huchelewesha malipo kuliko uzembe wa karani yeyote. Mume mwenye busara huandika jina la mkewe na la watoto wake katika fomu ya warithi angali mzima, wala hakuna uchuro katika jambo hilo.

KAZI MPYA

Wahenga walisema tena, Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aliyerudi si mgeni kwao, lakini neno hili lamhusu. Siku za kwanza watu huja kumtazama, chai hupikwa, na kila mmoja ana haja yake. Karo, dawa, mchango wa harusi, deni la zamani. Kabla ya miezi mitatu kwisha, mfuko umetoboka. Na yule aliyerudi mikono mitupu ana taabu kubwa zaidi, kwa sababu huona haya, akajificha nyumbani, asiende hata kanisani wala sokoni, mahali ambapo angalisikia habari za kazi. Jamaa wa mtu kama huyo wamfanyie hisani moja: wasimwulize ameleta nini, wamwulize anajua kufanya nini.

Swali hilo ndilo la mwajiri pia. Mtu aliyejenga nyumba Kampala miaka kumi na miwili ni mwashi kweli, lakini mkandarasi wa Homa Bay hakumwona akijenga. Dawa ni mtihani wa ufundi. Mamlaka ya mafunzo ya kazi, NITA, huwapima mafundi kwa daraja la tatu, la pili na la kwanza. Mtihani ni wa kutenda kwa mikono zaidi ya kuandika, na aliyejifunzia kazini bila kwenda chuo aweza kuufanya. Mwashi, fundi wa umeme, fundi wa magari, mpishi, wote wana mitihani yao. Binti aliyepika na kulea wazee Riyadh asidhani kwamba alikuwa mtumishi tu. Alijifunza kazi ambayo hoteli na nyumba za wagonjwa huitafuta, na tena amerudi na lugha ya Kiarabu. Ikipimwa na kuandikwa, ni ujuzi. Isipoandikwa ni hadithi.

Kwa atakaye kujiajiri, nchi hii ina mambo yake matatu yanayojulikana, na kila moja lina sharti lake. Miwa ya Awendo na Uriri huchukua miezi 18 au zaidi kabla ya kukatwa. Asiye na chakula cha muda huo asiweke fedha yake yote humo. Dhahabu ya Nyatike huvuta vijana kwa mng'ao wake, lakini sheria ya madini ya 2016 yataka mchimbaji mdogo awe na kibali, na mashimo yasiyotegemezwa kwa miti yamefukia watu. Ziwani, kutoka Homa Bay hata Mbita na Sindo, mashua yapasa kuandikishwa, na mvuvi yapasa kujiunga na chama cha ufuo wake. Mtu aliyekaa jangwani miaka sita asinunue mashua siku ya kwanza kwa kuwa mpwa wake amemwambia omena ni wengi. Afanye kazi kwa mwingine msimu mmoja, ajifunze upepo na bei, ndipo anunue.

Matangazo ya kazi za Serikali na za kaunti hutolewa kwa watu wote, na maombi hayalipiwi. Vituo vya Huduma vilivyoko Migori na Homa Bay huwasaidia watu kupata vyeti na hati nyingi mahali pamoja. Mtu yeyote asemaye kwamba ataharakisha pensheni ya mtu kwa kupewa sehemu yake kwanza, au kwamba ana nafasi ya kazi inayouzwa, huyo ni mwizi aliyevaa shati safi. Asipewe fedha, wala kitambulisho, wala namba ya siri ya simu.

NENO LA MWISHO

Si kila deni litalipwa. Wako waajiri waliofilisika, wako waliokana, na wako walioonewa kwa sheria zenyewe, kama walivyoonewa askari wa 1945. Asemaye kwamba karatasi hutatua yote anadanganya. Lakini dai lenye karatasi likikataliwa, hubaki kuwa dai; laweza kupelekwa mbele, laweza kurithiwa na mtoto, laweza kusubiri miaka saba na kuamka, kama lilivyoamka la watu wa Jumuiya. Dai lisilo na karatasi hufa siku ile ile anapokufa mwenye kukumbuka.

Basi leo jioni, katika kila nyumba yenye mtu aliye mbali au aliyerudi, na itolewe bahasha ile iliyo chini ya godoro au juu ya kabati. Itazamwe ina nini, na imepungukiwa na nini. Aliye mbali apigiwe simu, na kabla ya kuulizwa atatuma fedha lini, aulizwe namba yake ya akiba ni ipi, na iandikwe.